Sura ya Nne: Kilo Mbili za Januari

Wiki ya kwanza ya Januari, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Katani Road, hapa Syokimau, huwa na waenda kwa miguu wengi kuliko magari. Wanatoka kwenye mageti ya mitaa yao wakiwa na raba mpya miguuni, wawili wawili, watatu watatu, simu zikiwahesabia hatua. Wanatembea, wanakimbia kidogo, wanatembea tena. Nyumbani chapati zimesimamishwa, ugali wa usiku umesimamishwa, chai inanywewa bila sukari. Jimu nazo zimejaa hadi watu wanapanga foleni kwenye mashine. Kufikia mwisho wa mwezi, barabara imerudia hali yake ya kawaida.

Walioacha hukutajia sababu nyingi: kazi, karo, jamu ya Barabara ya Mombasa. Zote ni za kweli. Lakini ukikaa nao kwa utaratibu, wengi watakuambia jambo jingine kwa sauti ya chini. Walijinyima, wakatoka jasho, kisha wakapanda mizani wakakuta wameongezeka.

Mambo huenda hivi. Jioni, mama anashuka matatu akitoka kazini. Kando ya kituo kuna kijana mwenye mizani na kiti cha plastiki.

"Panda, mama."

Anapanda. Kijana anainama kusoma. "Themanini na mbili."

"Haiwezekani. Mwaka mpya nilikuwa themanini."

"Mizani ni hiyohiyo, mama."

Mama anashuka bila kusema neno. Kwenye nyayo za viatu vyake kuna udongo mweusi wa Syokimau, ule unaonata mvua ikinyesha hadi mguu unakuwa mzito. Mkoba ulikuwa begani. Mchana alikunywa maji mengi kama alivyoshauriwa. Jana yake kocha wa jimu alimfanya achuchumae na kuinuka hadi magoti yakatetemeka, na leo anashuka ngazi ameshikilia ukuta. Yote hayo yamo ndani ya zile kilo mbili, lakini anachokisikia ni kwamba ameshindwa.

Naandika sura hii kwa uchungu, kwa kuwa mtu huyo huacha wiki ileile ambayo mwili wake umeanza kubadilika. Na alikuwa na sababu nzuri ya kuanza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya watu wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa serikali kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta hali hiyo kwa asilimia 27 ya watu wazima wote. Syokimau ni mahali panapoeleza takwimu hizo vizuri. Kituo cha treni za abiria za kwenda mjini kilifunguliwa Novemba 2012. Steshini kuu ya reli ya SGR ikafuata mwaka 2017. Barabara ya juu, ile ya kulipia inayotoka Mlolongo hadi Westlands, ikaanza kutumika 2022. Kila kimoja kilirahisisha kufika Nairobi, na hakuna kilichomwongezea mtu hatua za kutembea. Mtu hukaa ndani ya gari, akakaa ofisini, akakaa tena ndani ya gari, akafika nyumbani giza limeingia. Mwili uliozoea hivyo, ukiamshwa ghafla, unajibu. Jibu lake la kwanza ndilo linalowatisha watu.

*

Mwenye kuongezeka kilo mbili katika wiki mbili za mazoezi huelezwa mambo mawili. Yeye mwenyewe hujiambia kwamba ni mafuta. Kocha, kwa kutaka kumfariji, humwambia kwamba ni misuli. Hesabu ya shule ya msingi inatosha kuonyesha kwamba wote wawili wamekosea.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kalori kama 7,700. Ili uongeze kilo mbili za mafuta, lazima ule kalori 15,400 kupita zile ulizotumia. Zigawe kwa siku 14. Unapata 1,100 kwa siku, kila siku, juu ya mahitaji yako. Chapati moja nene iliyopikwa na mafuta ya kutosha yaweza kuwa na kalori kama 300. Kwa hiyo ungelazimika kuongeza karibu chapati nne kwa siku juu ya chakula kilichokuwa kikikutosha, bila kukosa hata siku moja. Mtu aliyejinyima anajua kama alifanya hivyo au hakufanya. Wengi hawakufanya.

Sasa misuli. Mtu anayeanza kuinua vyuma, akila protini ya kutosha na kulala vizuri, huongeza misuli polepole sana. Mwezi mzima wa kazi nzuri waweza kumpa nusu kilo, na akibahatika akaribie kilo moja. Kwa mwanamke huwa chini ya hapo. Aliyeanza juzi kwa kutembea Katani Road hana kilo mbili za misuli mipya, na kumwambia anazo ni kumdanganya. Faraja hiyo ya kocha ina madhara, maana mwezi wa tatu, mtu akiwa kweli anakula kupita kiasi, ataendelea kujipa moyo kwa neno lilelile.

Kama si mafuta wala misuli, basi ni maji, pamoja na chakula kilichomo tumboni. Maji hayo yameingia mahali panapojulikana, kwa sababu zinazojulikana.

Mwaka 1966 madaktari wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wao wenyewe. Walikaa kwenye baiskeli moja ya mazoezi, mmoja kila upande, kila mtu akikanyaga pedali yake kwa mguu mmoja tu. Mguu mwingine ulipumzika. Walikanyaga mpaka mguu ukachoka kabisa. Kisha kwa siku tatu wakala chakula cha wanga kwa wingi, na kila siku wakachoma sindano nene kwenye paja la kila mguu na kutoa kipande kidogo cha msuli ili wakipime. Walichokuwa wakitafuta ni glaikojeni, yaani sukari ambayo mwili huiweka akiba ndani ya ini na misuli. Mguu uliopumzika ulibaki karibu na hali yake. Mguu uliofanya kazi ulijaza akiba hiyo hadi ikafika mara mbili ya mwenzake. Mtu ni mmoja, damu ni moja, chakula ni kilekile, lakini msuli uliotumika ndio uliojiwekea zaidi.

Mkazi yeyote wa Syokimau ataelewa mantiki hiyo bila kufundishwa. Nyumba ikikaukiwa na maji mara moja, na lori la maji likachelewa siku mbili, mwenye nyumba hununua tangi la pili.

Mtu mzima wa kawaida hubeba glaikojeni kama gramu 400 kwenye misuli na nyingine 100 hivi kwenye ini. Kila gramu hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Jumlisha: gramu 500 za sukari na gramu 1,500 za maji ni kilo mbili kamili, na zinaweza kuondoka au kurudi ndani ya siku chache bila tone la mafuta kuguswa. Anayekata ugali, wali na chapati kwa ghafla hupoteza sehemu kubwa ya akiba hiyo wiki ya kwanza, akafurahi kwamba amepungua kilo mbili. Jumapili anaalikwa nyumbani kwa shemeji, anakula pilau na chapati mbili kama mtu yeyote mstaarabu, na Jumatatu kilo moja na nusu imerudi. Furaha ya wiki ya kwanza na huzuni ya Jumatatu zina chanzo kimoja. Na kwa anayefanya mazoezi, misuli inajifunza kuweka akiba kubwa kuliko ya zamani, kwa hiyo inashika maji mengi kuliko zamani hata kama mafuta yameanza kupungua.

Watu hukimbilia kusema kwamba basi wanga ni adui. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji kumi wa Kenya wa masafa marefu, wa kiwango cha juu kabisa. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao, asilimia 76.5, ilitoka kwenye wanga. Ugali peke yake ulileta kama asilimia 23, na sukari ya kawaida, nyingi ikiwa ya kwenye chai, ikaleta karibu asilimia 20. Wanaume hao walikuwa wembamba kupindukia. Siwaleti hapa ili mtu wa ofisini ale kama wao. Wao hukimbia asubuhi na jioni, kila wiki. Nawaleta kwa sababu msuli wenye glaikojeni tele, na maji yanayoandamana nayo, ndio msuli unaofanya kazi vizuri. Yale maji yaliyomtisha mama kituoni ni sehemu ya mwili kujiandaa kwa kazi aliyoupa.

*

Kuna maji mengine, na haya yanauma.

Msuli ambao haujazoea, ukilazimishwa kurefuka huku umebeba uzito, hupata majeraha madogo sana kwenye nyuzi zake. Kuchuchumaa na kuinuka hufanya hivyo. Kushuka mlima au ngazi hufanya hivyo zaidi ya kupanda. Maumivu hayaji papo hapo. Huanza siku ya pili na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Mwili hutuma damu, chembe za kinga na majimaji mahali palipoumia, na paja huvimba kidogo ndani kwa ndani. Hutaona uvimbe huo kwa macho, ila suruali inabana mapajani na kukaa kwenye kiti cha chini ni kazi. Mizani inayahesabu majimaji hayo yote. Ukirudia zoezi lilelile wiki zinazofuata, msuli unazoea na uvimbe unapungua. Ndiyo maana kocha anayebadilisha mazoezi kila siku, akijisifu kwamba hataki mwili uzoee, anamweka mteja wake mpya kwenye uvimbe usioisha. Kwa mtu wa mwezi wa kwanza napendekeza kinyume chake: mazoezi machache, yaleyale, yanayoongezwa uzito taratibu.

Kisha mtu huyo mwenye maumivu huenda duka la dawa. Anaomba "ya misuli", anapewa ibuprofeni au diklofenaki, anameza asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Dawa hizo hupunguza maumivu kweli, lakini pia huzifanya figo zizuie chumvi na maji yasitoke. Kwa mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu, hilo si jambo dogo. Kwa mwenye afya, ni sababu moja zaidi ya mizani kupanda katika wiki ambayo alitarajia ishuke. Maumivu ya kuanza mazoezi huisha yenyewe. Kutembea polepole siku ya pili husaidia, na usingizi husaidia zaidi.

Damu nayo huongezeka. Ndani ya siku chache za mazoezi ya kutoa jasho, mwili huongeza ile sehemu ya damu iliyo majimaji, yaani plazma, kwa kiasi cha asilimia kumi hivi au zaidi, ili moyo usukume damu nyingi kwa pigo moja na ngozi ipate maji ya jasho. Hiyo ni gramu mia tatu au nne, lakini ni mabadiliko mazuri ajabu. Yule aliyekuwa akihema akifika daraja la waenda kwa miguu, wiki ya tatu anapanda akiongea. Mizani inamwambia ameharibikiwa, ilhali moyo wake umeanza kupumzika.

Chumvi inastahili maneno zaidi. Dripu ya chumvi ya hospitalini, ile inayokaribiana na majimaji ya mwili, huwa na gramu 9 za chumvi katika kila lita. Kipimo hicho kinakupa picha: chumvi ya ziada mwilini hushikilia maji mengi hadi figo ziitoe, na kazi hiyo huchukua siku moja au mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Sasa tazama mlo wa mtu aliyeanza kupunguza mwili. Ameacha mandazi, amehamia mayai ya kuchemsha, na kila yai linachovywa kwenye chumvi. Ameacha wali, amehamia supu, na supu imetiwa chumvi pamoja na kiungo cha pakiti ambacho chenyewe kina chumvi tele. Njaa ya saa kumi anaituliza kwa karanga za chumvi. Kalori zimepungua, ndiyo, lakini chumvi imeongezeka.

Hapa Syokimau wengine hulaumu maji ya visima. Ni kweli kwamba maji ya visima vingi vya ukanda huu, hadi Mlolongo na Athi River, yana ladha ya chumvi, na mwenye birika ameona ule utando mweupe. Lakini tupige hesabu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sodiamu ikipita miligramu 200 katika lita, ulimi huanza kuitambua. Ukinywa lita mbili za maji ya kiwango hicho, umepata miligramu 400 za sodiamu, sawa na gramu moja ya chumvi. Bakuli la supu linaweza kuzidi hapo. Na wakazi wengi hunywa maji ya mtungi wa lita 20 yaliyosafishwa, ya kisima wakayaachia kuoga na kufua. Kwa kawaida chumvi iliyokuvimbisha ilitoka jikoni.

Kwa wanawake kuna jambo ambalo makocha wengi wa kiume hawalitaji kabisa, na kimya chao kimewavunja moyo wanawake wengi. Siku chache kabla ya hedhi mwili wa mwanamke hushika maji. Kwa wengine ni nusu kilo, kwa wengine inakaribia mbili. Aliyejipima siku tano baada ya hedhi, akajipima tena siku mbili kabla ya hedhi inayofuata, amelinganisha miili miwili tofauti. Mwanamke anayetaka kujua ukweli alinganishe siku ileile ya mzunguko mmoja na siku hiyohiyo ya mzunguko unaofuata. Hilo linahitaji mwezi, na mwezi mmoja ni mfupi sana kwa kazi hii.

Kujinyima kupita kiasi nako kunashika maji. Mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua wanaume 36 waliojitolea, akawalisha kama nusu ya chakula chao kwa wiki 24, nao wakitembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walikonda hadi kukaa kwenye kiti kigumu kukawa mateso, lakini vifundo vya miguu yao vilikuwa vimevimba kwa maji, na maji hayo yalificha sehemu ya mafuta na misuli waliyoipoteza. Nawataja kwa ajili ya wale wanaoanza Januari kwa kula mara moja kwa siku na kufanya mazoezi mara mbili. Usingizi ukipungua na mwili ukiwa kwenye msongo, uzito husimama siku nyingi, halafu hushuka kwa ghafla baada ya siku mbili tatu za kupumzika na kula vizuri. Watu hudhani ni muujiza.

*

Basi mtu ajipime vipi?

Mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, daktari Santorio Santorio wa Padua, Italia, alining'iniza kiti chake kwenye mizani kubwa na kujipima kwa miaka 30: kabla ya kula na baada ya kula, kabla ya kulala na baada ya kuamka, pamoja na alichokula na alichotoa. Mwaka 1614 alichapisha kitabu kuhusu kazi hiyo. Alithibitisha kitu ambacho anayejipima jioni mara moja kwa mwezi hawezi kukiona: uzito wa mtu hupanda na kushuka mchana kutwa, na sehemu kubwa ya kile tunachokula na kunywa huondoka kwa pumzi na kupitia ngozi bila sisi kuhisi. Lita moja ya maji ni kilo moja dakika unapoimeza. Sahani kubwa ya kabichi na githeri ina kalori chache kuliko chapati tatu lakini ni nzito zaidi, na nyuzinyuzi zake hushika maji tumboni hadi kesho. Aliyebadilisha mlo wake vizuri anaweza kuwa mzito zaidi kwa sababu tumbo lake limebeba mboga.

Jipime asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya chai, bila nguo au na nguo nyepesi zilezile. Mizani ya nyumbani iwekwe kwenye sakafu ya vigae, isiwekwe juu ya zulia, kwa kuwa zulia huibabaisha. Andika namba kila siku, kisha mwisho wa wiki jumlisha na kugawa kwa saba. Wastani huo ndio uulinganishe na wa wiki iliyopita. Namba ya siku moja iache ipite. Anayeona kujipima kila siku kunamtia wasiwasi asijipime hivyo. Achukue tepu ya fundi wa nguo, azungushe tumboni katikati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, apime mara moja kwa wiki baada ya kutoa pumzi kawaida. Kwa afya, tepu hiyo ina maana kubwa kuliko mizani. Kipimo kinachotumiwa sana ni sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Juu ya hapo hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo huongezeka. Wapo wengi ambao mizani haikusogea wiki tano, nao tayari wamehamia tundu jingine la mshipi.

Upe mwili wiki sita, na mwanamke aupe mizunguko miwili. Ikiwa baada ya hapo wastani haujashuka na tepu haijasogea, maji hayawezi kulaumiwa tena. Hapo lazima tuzungumze juu ya chakula, kwa ukweli na bila kumfokea mtu.

Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya watu kumi waliokuwa wakisema wanakula kidogo sana na bado hawapungui. Walipimwa kwa maji maalumu yanayowezesha kujua nishati ambayo mwili umeitumia. Miili yao haikuwa na tatizo. Chakula walichoripoti kilikuwa pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula, na mazoezi waliyoripoti yalizidi ukweli kwa asilimia 51. Sidhani walikuwa waongo. Kukadiria chakula kwa macho ni kugumu, na jikoni mwetu ugumu huo huanzia kwenye mafuta ya kupikia. Tazama sukuma wiki inavyopikwa: kitunguu kinaingia sufuriani, mkono unainamisha chupa, mafuta yanatiririka hadi kitunguu kinaelea. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Yakimwagwa sawa na vijiko vinne, sufuria ya mboga ambayo kila mtu anaiita chakula chepesi imebeba kalori 480 kabla sukuma haijaingia. Parachichi moja kubwa laweza kupita 300. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita tano, atatumia kalori kama 300 hivi, kisha arudi nyumbani na njaa ya halali.

Na mazoezi hayachomi nishati jinsi tulivyodhani. Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadzabe bado wanawinda na kuchimba mizizi. Wanaume hutembea kilomita kama 11 kwa siku na wanawake karibu sita. Herman Pontzer na wenzake waliwapima kwa maji hayohayo maalumu na kutangaza mwaka 2012 kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hutumia nishati sawa kwa siku na watu wa mijini wa Marekani na Ulaya. Mwili unaotembea sana hubana matumizi mahali pengine. Mwenye kutegemea raba peke yake kumpunguza atasubiri sana. Raba zitampa moyo imara, sukari ya damu iliyotulia, usingizi na miguu inayopanda ngazi, na hayo yanatosha kumtoa kitandani alfajiri. Kupungua kutatoka kwenye sahani, hasa kwenye ile chupa ya mafuta.

*

Limebaki kundi moja ambalo yote haya huenda yasilihusu, na nisingependa lijifariji kwa maelezo haya ya maji.

Uzito ukipanda kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, pamoja na miguu kuvimba hadi kidole kikibonyeza kinaacha shimo, au pumzi kukatika ukilala chali, usisubiri wastani wa wiki. Hilo laweza kuwa tatizo la moyo au figo, na linahitaji daktari leo. Kuongezeka polepole kwa miezi mingi pamoja na uchovu, kuhisi baridi na choo kigumu kunaweza kutokana na tezi ya shingoni iliyolegea. Mimba nayo iangaliwe, hata kwa aliyedhani haiwezekani.

Dawa pia hunenepesha. Prednisoloni hufanya hivyo, na insulini. Sindano ya miezi mitatu ya mpango wa uzazi huwaongezea baadhi ya wanawake kilo kadhaa kwa mwaka. Na kuna watu wengi, katika nchi hii na majirani zake, wanaomeza dolutegravir, dawa ya virusi vya UKIMWI ambayo Kenya ilikuwa kati ya nchi za mwanzo Afrika kuianza. Ni dawa bora, inayoshusha virusi haraka na kwa uhakika. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba wanaoitumia huongezeka uzito, wanawake zaidi ya wanaume. Baadhi yao ndio hao wanaotembea Katani Road gizani, wakijilaumu kwa ulafi wasiokuwa nao. Dawa isiachwe wala kurukwa hata siku moja kwa ajili ya mizani. Lakini kliniki hupima na kuandika uzito wa mgonjwa kila anapokwenda. Aombe aonyeshwe rekodi yake yote tangu alipobadilishiwa dawa, aulize uzito ulianza kupanda mwezi gani, na apimwe shinikizo la damu na sukari siku hiyohiyo.